Unaanza udaktari ukiwa na ndoa? Jipangieni mwaka wa tatu

Kila ifikapo Septemba napokea ujumbe wa watu wa aina moja. Wamechaguliwa kusomea udaktari, wana mume au mke, pengine na mtoto, na wanauliza waanze kusoma kitabu gani kabla chuo hakijafunguliwa. Wote nawajibu hivi: vitabu vitakungoja. Kaa na mwenzako mzungumze kuhusu mwaka wa tatu.

Niliingia shahada ya udaktari nikiwa tabibu wa kituo cha afya upande wa Sengerema, nina mume mwalimu na binti wa miaka miwili. Leo ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani hapa Mwanza na nafundisha wanafunzi wodini, kwa hiyo haya nayaona kila mwaka.

Miaka miwili ya mwanzo ni migumu kichwani: anatomia, fiziolojia, baiokemia, na hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani ulioufeli. Lakini ratiba inajulikana. Mwenzako anajua unatoka saa ngapi na utarudi saa ngapi, na jioni unaweza kumwogesha mtoto ndipo ufungue daftari. Ndoa nyingi huvuka hapo salama, watu wakadhani wameshazoea. Kisha unaingia wodini. Asubuhi lazima uwe umeshawaona wagonjwa wako kabla ya raundi, usiku kuna zamu, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hatazami saa yako. Uliyesema utarudi kupika unarudi kesho yake mchana, huna hata nguvu ya kusimulia kilichokupata. Mwenzako ambaye hakuambiwa mapema haya yatakuja, ataona amepuuzwa.

Liko jambo moja ambalo wanandoa karibu wote wanalisahau, nami nalisisitiza kuliko mengine. Mwaka wa tatu, saa nane usiku, nilijichoma sindano nikimtoa mgonjwa damu. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua kidole, nikatoa taarifa, na kabla hakujapambazuka nikaanza dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Dawa hizo zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Hatari yenyewe ni ndogo, takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi. Ila kwa ndoa, hesabu hiyo haitoshi. Ni lazima mtumie kondomu hadi vipimo vya mwisho vitoke, na mume akikuta kopo la dawa hizo kabatini bila kujua lilikotoka, unaweza kufikiria mwenyewe atawaza nini. Wangu alijua, kwa sababu tulishalizungumza kabla sijagusa mgonjwa. Nilimpigia simu nikiwa bado wodini.

Homa ya ini B ndiyo inayonitisha zaidi. Kwa wasiochanjwa, sindano ya mgonjwa mwenye virusi vingi inaweza kuambukiza hadi watu 30 katika kila 100 wanaochomwa, na ugonjwa huu hupita pia kwenye tendo la ndoa. Pimeni wote wawili. Ambaye hana kinga achanje: sindano ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ukianza mwezi ambao chuo kinafunguliwa, utamaliza mapema kabla ya wodi.

Kuhusu mtoto na wakwe, msaada uombwe kwa heshima na uombwe mapema. Mama mkwe wangu hakufurahi. Alimwambia mume wangu mbele yangu, “Mke wa mtu atalalaje hospitali?” Mume wangu akamjibu taratibu, “Mayu, wewe ulipokuwa unalala Mwaloni Kirumba ukingoja dagaa, sisi tulilala na nani?” Akasema, “Na bibi yenu.” “Basi safari hii bibi ni wewe.” Alinyamaza kitambo, kisha akauliza mtoto anakula nini asubuhi. Alikaa nasi miaka mitatu. Bila yeye nisingemaliza.

Kama mnataka mtoto mwingine, amueni kwa kalenda ya chuo. Kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi kinaweza kukulinda miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na kinatolewa wakati wowote mkibadili mawazo. Ukiwa na mimba wakati wa kupasua maiti, waambie walimu wako, maana formalini si hewa ya mjamzito kuvuta. Ukiwa unanyonyesha, jifunze kukamua: maziwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji.

Fedha nitasema kwa ufupi. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, la chakula na malazi limekuwa likihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa mdomo mmoja. Watoto hawamo. Mwenzako aliyeajiriwa naye kama alisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa, kwa hiyo pangeni bajeti kwa kinachobaki.

Nyumba, kwa wanaosomea Bugando, hospitali na chuo kilichoko mlimani hapa Mwanza, kodi ya Buhongwa au Igoma ni nafuu, lakini miaka ya wodi ningekushauri chumba kidogo Igogo au Mabatini, uweze kupanda mlima kwa miguu. Enzi zetu mume wangu alikuwa akikwama Busisi, upande wa Sengerema, akingoja kivuko, mara nyingine hadi giza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, familia inaweza kubaki Sengerema na mkaonana kila wikiendi. Kwenda na kurudi kila siku, hapana. Utasinzia mbele ya mgonjwa.

Na hesabuni miaka sita. Shahada ni mitano, kisha kuna mwaka wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ambao unaweza kukupeleka mkoa mwingine kabisa. Sisi tulianza kulijadili nikiwa mwaka wa nne. Majina ya vituo yalipotoka, mume wangu alikuwa ameshauliza katika wilaya tatu ni shule gani ina upungufu wa mwalimu wa hisabati.