Kamera ya joto ya zimamoto: vigezo vya ununuzi vina maana gani

"Kamera ya joto ya mkononi kwa matumizi ya zimamoto, idadi 4." Ukiandika mstari huo kwenye jedwali la mahitaji na ukaishia hapo, mzabuni anaweza kukuletea kamera ambayo fundi umeme hutumia kutafuta nyaya zinazochemka ukutani, na atakuwa ametimiza ulichoomba. Inaona joto, inashikika mkononi, na askari wa zimamoto anaweza kuitumia. Siku ya kukabidhiwa itawashwa ofisini, kila mtu ataona uso wa mwenzake uking'aa kwenye skrini, na hati ya kupokea itasainiwa. Ubaya wake utajulikana siku askari atakapoingia nayo akitambaa ndani ya nyumba inayoungua.

Vigezo vya ununuzi ni maelezo yanayomweleza muuzaji mambo matatu: kifaa kitafanya kazi gani, kitafanya katika mazingira gani, na atathibitisha vipi kwamba kweli kinaifanya. Ukikosea vigezo vya viti vya ofisi, watu wataumwa mgongo. Ukikosea vya kamera hii, mtu atatafuta mlango kwenye moshi na asiuone. Ndiyo maana naona kila mstari wake unastahili kueleweka na anayeuandika, hata kama yeye ni afisa ugavi ambaye hajawahi kuvaa barakoa ya hewa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila kitu kina joto kiasi fulani, na kila chenye joto hutoa miale ya infraredi ambayo jicho halioni. Kamera za zimamoto husoma miale ya mawimbi marefu, takriban mikromita 8 hadi 14. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko urefu wa wimbi hilo, kwa hiyo miale hupita katikati ya moshi ambao mwanga wa tochi hugonga na kurudi. Ndani ya kamera kuna kihisi kinachoitwa mikrobolometa, chenye maelfu ya vipande vidogo vya vanadi oksidi au silikoni. Kila kipande kikipata joto, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo hugeuzwa kuwa picha. Lenzi yake si ya kioo cha kawaida, ni ya germaniamu, kwa sababu kioo huizuia miale hiyo.

Ukipata kamera mkononi, fanya jaribio hili. Bandika kiganja ukutani kwa sekunde kumi, kisha kiondoe. Kwenye skrini utaona alama ya vidole vitano imebaki pale, nyeupe, ikififia taratibu. Sasa elekeza kamera kwenye dirisha la kioo lililofungwa. Hutaona mtu aliyesimama upande wa pili. Utajiona mwenyewe, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Maji nayo huziba vivyo hivyo, na bati linalong'aa huakisi joto la vitu vingine. Kamera hii haioni kupitia ukuta, hata kama filamu zimewaaminisha watu hivyo. Inasoma joto la uso wa kitu kilicho mbele yake tu.

Kiwango kinachojulikana zaidi duniani kwa kifaa hiki ni NFPA 1801 (sasa kimeunganishwa ndani ya NFPA 1930), kilichotolewa na chama cha Marekani cha kuzuia moto. Toleo lake la kwanza ni la mwaka 2010, na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilifanya kazi kubwa ya kutafuta namna ya kupima ubora wa picha katika mazingira ya moto. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alijipimia mwenyewe na kujisifu mwenyewe, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulinganisha.

Wamarekani walikuwa na sababu chungu ya kulitazama jambo hili. Tarehe 3 Desemba 1999, huko Worcester, Massachusetts, ghala la zamani la kuhifadhia bidhaa kwa ubaridi liliungua. Jengo lilikuwa kubwa, halina madirisha ya maana, na kuta zake zilikuwa zimewekwa vizuia joto vinavyoungua. Askari wawili waliingia kutafuta watu waliodhaniwa kuwa ndani, wakapotea kwenye moshi. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati yao nao hawakurudi. Sita kwa jumla. Uchunguzi uliofuata ulipendekeza, pamoja na mengine, kamera za joto zitumike mapema, tangu timu inapolikagua jengo kwa mara ya kwanza. Mimi nikisoma kigezo cha kamera hizi, huwa nawafikiria wale wanne walioingia kuwafuata wenzao.

Sasa mistari yenyewe.

Wa kwanza ni ustahimilivu, na nauweka mbele ya ubora wa picha kwa makusudi. Kamera ya fundi umeme hutengenezwa kwa joto la karakana, nyuzi 50 hivi. Kamera ya kuingia nayo motoni hutakiwa kuendelea kufanya kazi katika joto la nyuzi 260 za Selsiasi kwa dakika 5. Inatakiwa ivumilie kuanguka kwenye zege (watengenezaji wengi hutaja mita 2), na kuzamishwa majini, jambo ambalo kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa IP67. Usiandike "imara" au "isiyopitisha maji". Andika nambari, kisha dai cheti cha maabara huru kinachoonyesha kuwa kamera ya modeli hiyohiyo ilipimwa. Tangazo la muuzaji si cheti. Ongeza pia kwamba kifaa kisiwe chanzo cha cheche penye gesi, maana askari huitwa kwenye uvujaji wa gesi kama anavyoitwa kwenye moto.

Wa pili ni kasi ya picha, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa kwetu huumizwa bila kujua. Kamera nyingi za bei nafuu hutoa fremu 9, yaani picha 9, kwa sekunde. Namba hiyo ina sababu yake. Teknolojia hii ina matumizi ya kijeshi, na nchi nyingi zinazotengeneza vihisi hivi zimekubaliana kudhibiti usafirishaji wake. Kamera zisizozidi fremu 9 hulegezewa masharti. Kwa hiyo ndizo zinazofika kirahisi kwenye maduka ya mbali. Lakini askari anayetambaa hageuzi kamera polepole. Anafagia chumba kushoto kwenda kulia, na kwa fremu 9 picha inaburuzika nyuma ya mkono wake. Anaona mahali alipokuwa ameelekeza, si anapoelekeza sasa. Kamera za kazi hii hutoa fremu 30 au 60. Dai kasi hiyo, na papo hapo ongeza muda wa kuleta mzigo, kwa sababu muuzaji mara nyingi atahitaji kibali cha kusafirisha na atakuomba hati inayoeleza mtumiaji wa mwisho ni nani. Zabuni inayodai fremu 60 na kutaka mzigo ndani ya wiki mbili itapata wazabuni wa kubahatisha.

Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ndizo kila mtu huuliza kwanza. Kihisi cha 160 kwa 120 kina pikseli 19,200; cha 320 kwa 240 kina 76,800, yaani mara nne. Kwa kutafuta watu na kusoma jengo, 320 kwa 240 ni chaguo la busara. Kufikia 640 kwa 480 kunaongeza bei sana, na ndani ya moshi, kwenye skrini ndogo, ukitazama kupitia barakoa yenye ukungu, faida yake hupungua. Pesa hizo ningezinunulia kamera ya pili. Angalia tu kwamba namba iliyotajwa ni ya kihisi, si ya skrini, kwani wapo wauzaji wanaotaja ile kubwa na kunyamazia ile ndogo.

Kisha kuna hali mbili za usikivu. Kihisi kinachoweza kutofautisha mwili wa mtoto na godoro alilolalia hakiwezi kwa wakati huohuo kuutazama mwali wa moto bila kujaa weupe. Kwa hiyo kamera nzuri hujibadilisha yenyewe: joto likiwa la wastani hutumia usikivu wa juu, na moto mkali ukiingia kwenye picha hushuka usikivu wa chini, unaofika nyuzi 650 na zaidi. Kigezo kidai ibadilike yenyewe, bila kubonyezwa, na skrini ionyeshe iko katika hali ipi. Pia mara kwa mara utasikia "tik" ndogo na picha kuganda kidogo kabisa. Ni kizibo cha ndani kinajifunga ili kihisi kijisawazishe. Si ubovu, lakini mafunzo yasipolitaja, askari ataogopa.

Nambari ya joto iliyo pembeni mwa skrini inahitaji tahadhari kuliko kitu kingine chochote kwenye kifaa hiki. Inaonyesha joto la uso ulio katikati ya picha. Haionyeshi joto la hewa. Askari aliyepiga magoti akielekeza kamera ukutani anaweza kusoma nyuzi 90 na kudhani chumba kinavumilika, huku juu ya kofia yake gesi za moto zikikaribia nyuzi 600, kiwango ambacho chumba kizima kinaweza kulipuka moto kwa mkupuo. Ukuta huchelewa kupata joto, gesi haichelewi. Ndiyo maana kiwango cha NFPA 1801 kinaweka hali ya msingi ya picha iliyo rahisi: nyeusi na nyeupe, kinachochemka kikiwa cheupe, na rangi za njano, machungwa na nyekundu zikitokea tu kwenye joto kubwa. Kifaa kikiwashwa, kianzie kwenye hali hiyo, na aliyefundishwa kwa kamera ya kampuni moja asipotezwe na rangi za kampuni nyingine. Kamera yenye rangi kumi na mbili za kuchagua ni nzuri kwa mkaguzi wa paa.

Vitufe vibonyezeke kwa glavu nene. Betri ivuliwe kwa glavu hizohizo. Kila kamera ije na betri ya ziada na chaja inayofungwa ndani ya gari la zimamoto, kwa sababu kamera inayochajiwa kwenye kabati la mkuu wa kituo huachwa huko kengele ikilia.

Kuhusu jina la kampuni: usilitaje. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 60, haitaki vigezo vifungwe kwenye chapa fulani. Pale inapolazimika kutaja, maneno "au inayolingana nayo" hufuata. Lakini "inayolingana" kwa lipi? Kama hukuandika joto la kustahimili, kasi ya fremu na kihisi, huna pa kusimama mzabuni aliyeshindwa akilalamika, wala huna pa kumkatalia aliyeleta kamera ya mkaguzi wa paa.

Weka pia sharti la majaribio kabla ya kumpa mzabuni mkataba. Chumba cheusi, moshi wa mazoezi, mwanasesere aliyewekewa chupa za maji ya moto nyuma ya kochi, na askari wawili au watatu wenye barakoa na glavu wanaopewa kamera ya kila mzabuni kwa zamu. Pima muda wa kumpata. Muulize kila mmoja ni kitufe kipi kilimsumbua. Nusu saa ya kazi hiyo itakufunza mambo ambayo kurasa arobaini za vipeperushi hazisemi.

Mkataba utaje dhamana ya kihisi na ya betri kila moja peke yake, mahali ambapo matengenezo yatafanyika, na kama kuna kamera ya kuazima wakati yenu iko nje ya nchi kwa miezi miwili. Na siku ya kupokea, katoni zisihesabiwe tu. Kila kamera iwashwe, ibadilishwe betri, ifagiwe kwa haraka kwenye chumba chenye birika la maji ya moto ili kasi ya picha ionekane, modeli yake ilinganishwe na ile iliyo kwenye cheti cha maabara, na nambari yake ya pekee iandikwe, kabla mtu yeyote hajasaini.