Machweo ya Kapadokia: lipe jua mgongo, utazame mwamba

Kila jioni isiyo na mawingu, magari hufuatana kuelekea ukingo wa juu wa Kızılçukur, yaani Bonde Jekundu, karibu na mji wa Ortahisar katika eneo la Kapadokia, katikati ya Uturuki. Watu hushuka, hujipanga ukingoni wakitazama magharibi, hupiga picha jua linapozama, na muda mfupi baadaye wameshaondoka. Jua hilohilo wangeliona likizama popote pale. Kisichopatikana pengine ni kile ambacho mwanga wake unafanya kwenye kuta zilizo nyuma ya migongo yao, na ili ukielewe inabidi uwe umeshatembea ndani ya bonde kwa saa mbili hivi, ukaugusa mwamba kwa mkono wako.

Mimi ni mwanajiolojia, na kazi yangu ni miamba ya volkano. Katika mabonde haya hutembea na waongozaji wenyeji: wao wanashika njia, mimi naeleza mawe. Ndiyo maana nawasisitizia wanaoniuliza kuhusu Kapadokia kwamba matembezi ya jioni kupitia Güllüdere, Bonde la Waridi, na jirani yake Kızılçukur, ni bora kuliko kusimama ukingoni.

Tuanze na mwamba wenyewe, maana bila huo hayo mengine hayaeleweki. Ulikuwa jivu. Kuanzia takriban miaka milioni 10 iliyopita hadi kama milioni 2 na nusu iliyopita, volkano za eneo hili zililipuka tena na tena. Kila mlipuko mkubwa ulimwaga mchanganyiko mzito wa jivu, gesi na vipande vya mawe vyenye moto, ukatambaa ardhini kwa kasi na kujaza mabonde ya wakati ule. Jivu lilipotua na kushikamana likawa mwamba mwepesi uitwao tufu. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine palipita muda mrefu wa utulivu, mito na maziwa yakaacha matope na mchanga wake, kisha jivu jipya likafunika. Mistari unayoiona kwenye kuta ni kumbukumbu ya zamu hizo.

Upande wa mashariki unaonekana Erciyes, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 3,917 na theluji kileleni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wageni wengi huambiwa kwamba jivu lote lilitoka huko. Erciyes ulichangia, lakini tabaka nyingi za mabonde haya ni kongwe kuliko mlima huo. Zilitoka kwenye volkano nyingine ambazo vinywa vyake vimekwisha kubomoka na kufukiwa, hazionekani tena kama milima. Mwongozaji anayekueleza hivyo, mshike. Anaujua udongo anaoukanyaga.

Ukifika kwenye ukuta wa kwanza, usiupite haraka. Tazama kwa karibu, umbali wa kuweza kunusa. Ndani ya tufu ya rangi ya maziwa iliyochanganyika na waridi kuna vipande vyeupe vyenye vitundu, vingine vya ukubwa wa punje ya mchele, vingine vya ukubwa wa kidole gumba. Hiyo ni pumisi, lava iliyokuwa imejaa gesi ikapoa ikiwa bado povu. Ukiigusa inaacha unga kwenye vidole. Karibu nayo utaona vijiwe vyeusi vyenye kingo kali: hivyo ni vipande vya mwamba wa zamani, viling'olewa kwenye koo la volkano wakati jivu likipanda. Halafu tazama sehemu iliyomeguka karibuni na sehemu ya zamani iliyo kando yake. Uso wa zamani umekauka na kuwa mgumu, wakati mwingine una kuvu-mwani wa kijivu unaoushikilia. Ndani ni laini kiasi kwamba chombo cha chuma kinaukata bila tabu. Ganda gumu nje, ulaini ndani: hapo ndipo ulipo ufunguo wa maumbo yote ya Kapadokia, na wa makanisa yaliyochongwa humo.

Rangi inatokana na chuma. Madini yenye chuma yalikutana na maji na hewa, yakashika kutu, na kiasi cha kutu hiyo hutofautiana kutoka tabaka moja hadi jingine. Ndiyo sababu ukuta mmoja unaweza kuwa na mkanda mweupe, juu yake wa waridi, juu yake tena wa rangi ya tofali.

Kuchonga mabonde ni kazi ya maji. Mvua na theluji iliyoyeyuka hutafuta njia kuelekea Kızılırmak, mto mrefu kuliko yote inayotiririka ndani ya Uturuki pekee, wenye urefu wa kilomita 1,355. Majira ya baridi maji huingia kwenye nyufa, yakaganda, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo mwamba unapasuliwa kutoka ndani. Pale ambapo jiwe gumu limebaki juu, hukinga tufu iliyo chini yake, na unapata ule mnara wenye kofia unaouona kwenye kila picha ya Kapadokia. Ndani ya Güllüdere kofia hizo si nyingi. Huko kuna migongo laini yenye mikunjo, na kwa jicho langu inapendeza zaidi ya minara.

Sasa njia. Ninashauri kuanzia kijiji cha Çavuşin, kwenye mdomo wa mabonde, na kupanda taratibu kuelekea ukingo wa Kızılçukur. Waongozaji wengine huanzia juu wakashuka, kwa kuwa ni rahisi kwa miguu. Lakini ukipanda kutoka Çavuşin wakati wa alasiri, jua liko nyuma yako muda mwingi wa safari, na kila ukuta ulio mbele yako unapokea mwanga usoni. Ukishuka, macho yako yanapambana na jua na kuta zinakuonyesha kivuli. Ni mabonde yaleyale, ila jioni mbili tofauti kabisa.

Sakafu ya bonde hupoteza jua mapema sana, wakati kingo za juu bado zinawaka. Kwa hiyo mwongozaji mzuri hupanga mwendo kwa kurudi nyuma: anajua mnapaswa kuwa wapi jua likizama, kisha anahesabu saa mbili au tatu kabla ya hapo. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa mbili usiku; Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Tofauti hiyo huwashangaza waliozoea kuishi karibu na ikweta, ambako machweo hayasogei sana mwaka mzima.

Je, mwongozaji ni lazima? Mtu mwenye uzoefu na ramani kwenye simu anaweza kwenda peke yake mchana. Jioni, mimi nasema chukua mwongozaji. Vijia vya humu ni vya wakulima. Kimoja kinakwenda kwenye shamba dogo la mizabibu na kuishia hapo, kingine kwenye miti ya aprikoti, vingine vinapanda hadi kwenye kizimba cha njiwa na kukuacha juu ya genge. Katika bonde la jirani la Meskendir, njia inapita ndani ya mahandaki ambayo wakulima wa zamani walichonga ili maji ya mafuriko yapite chini kwa chini yasibebe mashamba yao. Mchana ni kitu cha kupendeza kukigundua. Giza likiingia, handaki moja halitofautiani na jingine.

Halafu kuna suala la miguu. Tufu ikichakaa inaacha punje ndogo za mviringo juu ya uso mgumu, na kwenye mteremko ni kama kutembea juu ya mtama uliomwagika sakafuni. Viatu vya soli bapa havifai. Mvua ikinyesha, sehemu zenye matope ya volkano huteleza vibaya, na kuta zilizolowa hudondosha vipande. Çavuşin yenyewe ni ushahidi: watu waliishi ndani ya genge la kijiji cha zamani mpaka katika karne ya 20, mwamba ulipoanza kuporomoka wakahamia chini. Mwenyeji anajua ni ukuta upi uliotoa mawe wiki iliyopita. Kwa mujibu wa sheria ya Uturuki ya mwaka 2012, mwongoza watalii anatakiwa awe na leseni, na kitambulisho chake huvaliwa shingoni; usione aibu kukitazama.

Mkiwa njiani inua macho. Juu kabisa kwenye kuta, pasipofikika, kuna vitundu vidogo vya mraba vilivyozungushiwa chokaa, vingine vina nakshi nyekundu. Ni nyumba za njiwa. Wakulima walizichonga ili wakusanye kinyesi na kurutubisha mizabibu, maana udongo wa tufu hunyonya maji vizuri lakini una njaa ya mbolea. Kwangu mimi hizi ni sehemu ya bonde sawasawa na mwamba, na ningependa waongozaji wazisemee zaidi.

Makanisa ni jambo kubwa zaidi, na hapa ndipo ningetumia muda. Kapadokia ilikuwa nchi ya Wakristo wa Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, kwa karne nyingi, na jamii ya Waorthodoksi iliendelea kuishi huku hadi mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki yaliyokubaliwa mwaka 1923. Ndani ya Güllüdere lipo kanisa la Ayvalı, ambalo maandishi yake yanaliweka kati ya mwaka 913 na 920. Haçlı Kilise lina msalaba mkubwa uliochongwa darini. Lakini linalonigusa zaidi ni lile la nguzo, Sütunlu Kilise. Kwa nje ni genge lenye tundu, unaweza kulipita bila kujua. Ukiingia, unakutana na nguzo nene, matao na kuba, vyote vikiwa jiwe moja. Hakuna kilichojengwa, kila kitu ni kilichobaki baada ya kuondoa. Mchongaji alianzia juu akashuka, na alilazimika kuijua nguzo kabla haijakuwepo, kwa sababu tufu ikishakatwa hairudi. Alama za patasi zake bado zinasomeka ukutani ukimulika tochi kwa upande. Picha za rangi zilizosalia kwenye makanisa ya mabonde haya zimekwaruzwa majina ya wapita njia, na hilo linaniuma kila ninapoliona. Eneo hili limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1985, lakini orodha haizuii msumari. Usiguse plasta yenye rangi, na ukiona mwenzako anataka kuandika, mwambie.

Niseme pia kuhusu pikipiki za magurudumu manne. Mwamba unaokatika kwa kucha hauwezi kuvumilia magurudumu. Yanachimba mifereji, mvua ikija inafuata mifereji hiyo, na vumbi linapanda hadi kwenye milango ya makanisa. Tembea kwa miguu.

Basi, jua linakaribia upeo wa macho na mpo juu. Likiwa utosini, mwanga wake hupita unene mmoja wa hewa; likiwa kwenye upeo hupita takriban mara 38 ya huo. Njiani mwanga wa bluu umetawanywa, unaofika ni mwekundu, na unaangukia mwamba ambao tayari una kutu ya chuma. Vyekundu viwili vinakutana. Zaidi ya rangi, mwanga sasa unakuja kwa ubavu, ukisugua ukuta badala ya kuupiga usoni. Kila mfereji mdogo, kila ukingo wa tabaka, kila kipande cha pumisi kilichochomoza kinatupa kivuli chake. Mchana ukuta wa Aktepe, mlima mweupe unaoyasimamia mabonde haya, unaonekana bapa. Saa hii unaweza kuhesabu tabaka zake ukiwa mbali. Kwa mtu wa fani yangu hakuna saa ya kazi iliyo bora kuliko hii, na ndiyo sababu nasema geuka: mashariki, mgongo kwa jua.

Jua likishazama, baki ulipo. Katika latitudo hii mwanga wa baada ya machweo hudumu kama nusu saa, wakati kwenye ikweta ni dakika 20 na kidogo. Endelea kutazama mashariki. Juu kidogo ya upeo utaona mkanda wa waridi, na chini yake mkanda wa bluu-kijivu unaopanda polepole. Huo wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia hewa. Makundi mengi yameshaondoka wakati huo. Baridi nayo inaingia haraka, kwa kuwa hapa ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, kwa hiyo hata Julai beba sweta. Na beba tochi ya kichwani, si ya simu: mikono yote miwili itahitajika kwenye mteremko.

Kabla hujalipa kwa mtu yeyote, muulize njia ya kurudi ni ipi. Jibu ninalolipenda ni kwamba gari litawasubiri juu, au mtarudi kwa barabara ya kwenda Ortahisar. Akisema mtashuka tena bondeni gizani, uliza kundi lina watu wangapi, tochi ziko ngapi, na nani anatembea nyuma. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, ahirisha hadi tufu ikauke.