Fildi ya saikolojia si Mirembe peke yake

Wanafunzi wengi wa saikolojia waliotokea Kigoma huambiwa na ndugu zao kwamba mafunzo kwa vitendo lazima wakayafanye Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, kwa kuwa huku nyumbani "hakuna vichaa wa kutosha". Maneno hayo yananiuma, kwa wagonjwa na kwa taaluma yenyewe.

Saikolojia haishughuliki na magonjwa ya akili tu. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri: baba na mama wanavutana juu ya matunzo ya mtoto, na mtoto mwenyewe kakaa kwenye benchi, kimya, anachezea kifungo cha shati. Mwanafunzi aliyefundishwa makuzi ya mtoto atakiona kifungo kile kabla ya kusikia hoja za wazazi. Lipo pia dawati la jinsia na watoto polisi, ipo Hospitali ya Maweni, zipo shule za sekondari zenye walimu wa ushauri nasaha. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, inahifadhi wakimbizi tangu 1996, na huduma za kisaikolojia zinahitajika sana, ila kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Anza kukifuatilia mapema.

Na mwanafunzi haendi kutibu. Anakaa pembeni ya msimamizi, anasikiliza, anajaza daftari lake la kazi, na jina la mteja halimtoki mdomoni, hata akiulizwa na shangazi yake mezani.