Presha haina dozi ya kumaliza

"Daktari, mimi nimeshapona. Si wewe mwenyewe mwezi uliopita ulisema kipimo kiko sawa?"

Mama huyo alikuja kliniki ya presha na sukari, akafungua fundo la khanga na kutoa pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha. Vidonge 19 vilikuwa bado vimo. Kadi yake ilionyesha 126 kwa 80 mara ya mwisho. Nikampima: 184 kwa 108. Hakuamini, maana hakuwa anaumwa popote.

Neno hili "nimepona" ndilo linalonichosha kuliko yote. Kipimo kilikuwa kizuri kwa sababu dawa ilikuwa mwilini! Mseto ukimeza siku 3 unaua vimelea vya malaria, umemaliza. Kwenye presha hakuna mdudu wa kuua. Mishipa imekaza, figo zinashikilia chumvi na maji. Amlodipini hulegeza mishipa kwa muda ule unaoimeza. Ukiacha, inakaza tena. Na usisubiri kichwa kikuume. Wengi hutembea na 180 bila kusikia lolote, figo zinaharibika polepole, mpaka asubuhi moja mdomo umepinda na mkono hauinuki: kiharusi. Ukimwona ndugu yako hivyo, mlete hospitali saa ileile, usianze kutafuta nani kamroga.

Wapo pia wanaoacha kwa sababu dawa inawasumbua, na wanaona haya kusema. Jamani, semeni! Vifundo vya miguu vikivimba, huenda ni amlodipini. Kikohozi kikavu kisichoisha, huenda ni kaptoprili au enalaprili. Unaamka usiku mara nne kukojoa? Kile kidonge cha kupunguza maji kimeze asubuhi, si jioni. Dawa za presha ni nyingi, tutakubadilishia.

"Yangu ni presha ya kushuka." Umepima, au ni kizunguzungu tu? Huenda ni upungufu wa damu, huenda hunywi maji ya kutosha. Kulamba chumvi si tiba.

"Vidonge vya presha vinaua figo." Presha isiyotibiwa ndiyo inayoziua, pamoja na ile diklofenaki, dawa ya maumivu, mnayomeza kila siku kwa ajili ya mgongo, ambayo pia hupandisha presha.

Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi, ni kitamu, lakini hakishiki nafasi ya kidonge. Dawa ya jirani usiiguse: losatani, kwa mfano, nayo ni ya presha, lakini ni hatari kwa mjamzito. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Kile kikopo cha chumvi kiondoke mezani.

Yule mama tulimwanzishia upya. Nilimwomba aweke pakiti pale anapoweka mswaki, maana kupiga mswaki hasahau. Atarudi baada ya wiki mbili, na nimemwambia aje na pakiti yenyewe nihesabu vilivyobaki.