Je, wajua kwa nini mtu anayepiga tizi kila siku bado anaweza kuhitaji upasuaji wa uzito?

Kwa miaka mingi niliamini vitu viwili na vyote nilikosea. Cha kwanza, kwamba upasuaji wa kupunguza uzito ni wa watu wasiotaka kutoka jasho. Cha pili, kwamba unafanya kazi kwa sababu moja tu: tumbo linakuwa dogo basi unashiba haraka, kama vile umemnyang'anya mtu sahani ukampa kisosi.

Aliyenifanya nianze kuuliza ni shoga yangu tunayefanya naye mazoezi jim hapa Dar. Siku sita kwa wiki, saa 11 alfajiri yupo, ananyanyua kilo 90 kutoka sakafuni mara tano na anairudisha chini taratibu bila kuibamiza. Alianza na kilo 131, akashuka mpaka 109, halafu bila kuacha mazoezi hata wiki moja akapanda tena hadi 118. Kocha kila siku ni lile lile, dada ongeza mwendo, mafuta yatatoka tu. Siku aliponiambia anafikiria kufanya upasuaji nikamuuliza kwa nini, na wewe unajitahidi hivi? Lile swali lilikuwa limekaa vibaya, maana kujitahidi kwake ndiko kulikokuwa kunaonyesha kwamba tatizo halipo kwenye juhudi.

Tuanze na mazoezi. Tunadhani mwili ni kama daftari la duka, ukikimbia unatoa, ukila unaingiza, mwisho wa mwezi unafunga hesabu. Mwaka 2012 timu ya mtafiti Herman Pontzer ilitoa matokeo ya kupima Wahadzabe wa huku kwetu, maeneo ya Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Ukiweka sawa ukubwa wa miili, nishati yote waliyotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa na ya watu wa Marekani wanaokaa ofisini! Niliisoma mara mbili hiyo. Inaelekea mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi kwingine. Ni watu 30 tu waliopimwa, na wataalamu bado wanabishana mwili unabana kiasi gani, kwa hiyo usiichukue kama amri. Ila inaeleza kwa nini mtu anaweza kuongeza dakika za tizi na mizani ikakaa pale pale.

Halafu kuna wale washiriki 14 wa shindano la televisheni Marekani la kukata uzito, waliofuatiliwa na mtafiti Kevin Hall na wenzake. Kwa wiki 30 walipungua wastani wa kilo 58, kwa mazoezi makali kweli kweli. Baada ya miaka sita, wastani wa kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ikiwa imetulia ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa ule. Kalori 500 ni kama mtu wa kilo 80 kukimbia kilomita 6, yaani kila siku wanaamka wakiwa na deni hilo kabla hawajanywa chai. Lakini wale walioendelea kufanya mazoezi zaidi ndio waliorudisha kilo chache, kwa hiyo tizi halikuwa bure, lilikuwa linashikilia.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, na hapa nitatumia simtanki kwa sababu ndiyo iliyonifungua mimi.

Fikiria tangi la lita 1,000 juu ya mnara nyuma ya nyumba, ndani kuna boya lililounganishwa na pampu ya kisima. Maji yakishuka chini ya boya, pampu inawaka, yakifika juu inazima. Maji ni mafuta ya mwilini. Boya ni ubongo unaosoma taarifa, mojawapo ni homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Ukifanya dayati na mazoezi makali unachota maji kwa ndoo, na unaweza kuchota mengi tu, lakini boya lipo pale pale, linaona maji yameshuka, linawasha pampu: ghrelini, homoni ya njaa inayotengenezwa zaidi kwenye mfuko wa chakula, inapanda, chakula kinaanza kunukia kutoka mbali, na mwili unapunguza matumizi. Wewe unachoka na ndoo, pampu haichoki, na usiku umelala yenyewe inafanya kazi.

Mimi nilidhani upasuaji ni kuondoa tangi la lita 1,000 na kuweka la lita 200. Sivyo. Unachofanya zaidi ni kushusha boya.

Kwenye upasuaji unaofanyika sana siku hizi, unaoitwa slivu, daktari anaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza kama umbo la ndizi. Ile sehemu ya juu iliyovimba inayotoka ndiyo yenye seli nyingi za ghrelini, kwa hiyo king'ora cha njaa kinashushwa sauti. Tena chakula sasa kinashuka haraka kwenye utumbo, na utumbo ukikutana nacho unamwaga homoni ya GLP-1 kwa wingi kuliko kawaida, inayouambia ubongo imetosha. Ni ujumbe ule ule unaoigwa na zile sindano za kupunguza uzito zinazoongelewa sana. Kwenye baipasi, ambapo unaachwa mfuko mdogo wa kama mililita 30 na chakula kinapitishwa njia ya mkato, GLP-1 nayo inapanda sana, ila kuhusu ghrelini tafiti hazikubaliani.

Kilichonishawishi kabisa ni panya. Watafiti waliwafanyia panya slivu, wakapungua na kutulia kwenye uzito mpya. Halafu wakawanyima chakula mpaka wakashuka zaidi, kisha wakawaachia wale wanavyotaka. Wakala zaidi mpaka wakarudi kwenye ule uzito mpya, wakasimama hapo. Kama kazi ingekuwa ni udogo wa tumbo peke yake, wangewezaje kuongeza chakula kwenye tumbo lile lile lililokatwa? Walikuwa wanalinda kiwango kipya. Upande wa binadamu tazama mkanda ambao daktari anaufunga ndani kuzunguka mfuko wa chakula, uliokuwa maarufu zamani, unabana kweli lakini hauzimi njaa vile, watu wengi wakaishia kuutoa. Hata puto linalowekwa tumboni, kama linavyowekwa kule hospitali ya Mloganzila, ni la muda, linakaa miezi kadhaa linatolewa, na sio upasuaji.

Mfano wa tangi una mipaka yake, mwili una maboya mengi, na boya lililoshushwa linaweza kupanda tena kidogo kidogo, ndiyo maana kuna watu wanarudisha sehemu ya kilo miaka inayofuata.

Kuhusu nani anafaa nitapita haraka. Miongozo ya 2022 ya vyama vya madaktari wa upasuaji huu inasema BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu, ya 35 na kuendelea, au 30 na kuendelea kama kuna ugonjwa kama kisukari. Kwa mtu wa jim BMI inaweza kudanganya kwa sababu haitofautishi msuli na mafuta, lakini shoga yangu ana mita 1.66, BMI yake ni 42 na kitu, na msuli peke yake haukufikishi hapo.

Swali lake kubwa lilikuwa, nitaweza kuendelea na tizi langu? Jibu ni ndiyo, ila mazoezi yanabadilika kazi. Kutembea wanakuanzisha siku ile ile au kesho yake. Chuma kizito mara nyingi kinasubiri wiki nne mpaka sita, kwa ruhusa ya daktari wako. Kwenye kilo zinazotoka haraka vile, msuli nao unaondoka, kwa hiyo kazi ya tizi sasa ni kuulinda. Nguvu inaonekana kubaki vizuri kwa wanaonyanyua, ila kama wingi wa msuli wenyewe unaokolewa kiasi gani, tafiti ni ndogo na majibu yamechanganyika.

Protini inatakiwa angalau gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na hapo fikiria mtu ambaye miezi ya mwanzo yai moja la kuchemsha analila dakika ishirini, anatafuna mpaka linakuwa uji ndio ameze. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo protini inaliwa kwanza, samaki, mayai, maziwa, dagaa, ugali unasubiri. Vitamini B12, chuma cha damu, kalisiamu na vitamini D ni za kumeza maisha yote. Soda au juisi ya sukari kabla ya mazoezi, hasa kwa wa baipasi, inaweza kukuletea kutetemeka na jasho baridi, na sukari ikashuka ghafla saa moja mpaka tatu baadaye. Na zile dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, watu wa jim wanazomeza kama karanga, baada ya baipasi zinaweza kukuachia vidonda vya tumbo, muulize daktari kabla. Hatari za upasuaji wenyewe nazo zipo, kuvuja pale paliposhonwa na damu kuganda, ingawa kwenye hospitali zenye uzoefu si za mara kwa mara.

Kilichomtisha yeye zaidi ni maji. Sasa hivi kati ya seti na seti anagugumia nusu chupa kwa mkupuo, na baada ya upasuaji hilo halitawezekana, ni kifundo kimoja kimoja siku nzima. Hajaamua bado. Ila wiki ya pili sasa anakuja na chupa ya lita moja na nusu aliyoichora mistari kwa maka pen, mstari kila saa, anakunywa kifundo anafunga, anakunywa kifundo anafunga, anataka kuona kwanza kama anaweza kupiga tizi lake lote hivyo. Jana alimaliza akiwa amebakiza mistari miwili.