Barabara ya viwandani si upana peke yake

Hapa Tanga ukizungumzia barabara za viwandani, kama kule Pongwe kwenye saruji, utaambiwa: "Wapanue tu, waweke lami, basi." Sivyo. Upana ndio jambo jepesi. Kazi ipo kwenye kona.

Tazama lori la tela likikata kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele. Yanakata kwa ndani. Kona ikiwa kali, tairi hupanda ukingo na kuvunja mfuniko wa mfereji, na masika yakiingia, maji yanajipenyeza chini ya lami. Hapo shimo limeshazaliwa. Dawa yake ni kona yenye mviringo mpana, iliyopimwa kwa lori refu kuliko yote yatakayopita hapo.

Lami nayo isitudanganye: ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ikibebeshwa uzito mara 2, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana matabaka ya chini, yasiyoonekana, yana maana kuliko mita za nyongeza pembeni.

Halafu tupo sisi wa baiskeli, na Tanga baiskeli ni maisha. Zamu ya asubuhi ikiingia, watu wanapita ubavuni mwa magurudumu yanayowafikia kifuani. Barabara ikipanuliwa bila njia yao, malori huongeza mwendo tu. Inaniuma njia hiyo inapoitwa anasa. Ichorwe tangu mwanzo, itengwe kwa ukingo wa zege, na malori yanayosubiri kupakia yapewe maegesho ndani ya uzio wa kiwanda.