Rais asipotia saini: mipaka ya mamlaka ya Rais katika Katiba ya Kenya

Kwa kuwa kazi yangu ni sheria ya katiba, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: Rais wa Kenya akikataa kutimiza jambo aliloagizwa na Katiba, nani atamlazimisha? Wengi hutarajia nianze na Kifungu cha 145, kinachoeleza jinsi Bunge la Kitaifa na Seneti wanavyoweza kumwondoa madarakani. Mimi huanza na saini yake. Njia ya Kifungu cha 145 inadai theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya maseneta wote, na tangu Katiba izinduliwe tarehe 27 Agosti 2010 haijawahi kumng'oa Rais yeyote. Saini, kwa upande wake, inahitajika kila wiki.

Wanaokumbuka utawala wa chama kimoja wanakumbuka pia taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mtumishi mkuu wa serikali angeweza kuwa ofisini, mafaili mezani, akasikia redioni kwamba si mwenye kiti hicho tena. Hilo halikuwa uvunjaji wa sheria, kwani katiba ya zamani ilisema waziwazi kwamba watumishi wa Jamhuri walishika nyadhifa zao kwa muda ambao ungempendeza Rais. Kifungu cha 135 cha Katiba ya sasa ni kifupi mno, na watu hukipita haraka wakitafuta vile vinavyosikika vikubwa, ila kwangu ni miongoni mwa vifungu vyenye thamani kubwa zaidi: uamuzi wa Rais anapotumia mamlaka aliyopewa na Katiba sharti uwe kwa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Tamko la jukwaani haliwi uamuzi mpaka liandikwe, na likishaandikwa lina tarehe na lina maneno ambayo jaji anaweza kuyasoma na kuyapima.

Kuna mahali ambapo saini hiyo ni hiari na kuna mahali ambapo ni wajibu. Rais akipelekewa mswada, Kifungu cha 115 kinampa siku 14 za kuutia saini au kuurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya asichokubaliana nacho. Bunge likiupitisha tena bila kuubadilisha, kwa theluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Kitaifa, na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti ikiwa mswada unahitaji idhini yake, anabaki na siku saba za kuutia saini. Zikipita naye hajatia, mswada unachukuliwa kuwa umeidhinishwa. Hakuna haja ya kwenda mahakamani wala ya kumbembeleza mtu.

Utaratibu wa hali ya hatari chini ya Kifungu cha 58 umejengwa vivyo hivyo. Tangazo la Rais haliwezi kuishi zaidi ya siku 14 bila Bunge la Kitaifa kulirefusha. Mara ya kwanza inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, mara zinazofuata robo tatu, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Wabunge wakinyamaza, tangazo linakufa lenyewe, na Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama lilikuwa halali tangu mwanzo.

Sasa tazama Kifungu cha 166, kuhusu majaji. Rais huwateua kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, na kwa majaji wasio Jaji Mkuu au naibu wake, hata idhini ya Bunge haihitajiki. Kwa maoni yangu lugha hiyo haimwachii nafasi ya kuchagua. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majina 41. Rais Uhuru Kenyatta, akitaja mashaka juu ya uadilifu wa baadhi yao, hakuchukua hatua hadi Juni 2021, alipowateua 34 na kuwaacha sita (mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki), wanne wa Mahakama ya Rufaa na wawili wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama Kuu ilisema kwamba hana mamlaka ya kuyachambua upya majina hayo. Hata hivyo, sita hao waliapishwa Septemba 2022 tu, baada ya William Ruto kuingia madarakani.

Tofauti ya vifungu hivi haimo katika ukali wa maneno, maana neno la wajibu limo katika vyote. Kifungu cha 115 kina siku ndani yake na kinasema kitakachofuata siku hizo zikiisha, ilhali Kifungu cha 166 kinaagiza bila kutaja siku wala matokeo. Na aliyeachwa hana pa kumshika Rais mwenyewe, kwa kuwa katika hukumu ya Machi 2022 kuhusu BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais Kenyatta, Mahakama ya Juu ilisema kwamba, akiwa bado madarakani, hawezi kushtakiwa binafsi katika kesi ya madai kwa aliyoyafanya au aliyoacha kuyafanya chini ya Katiba. (Hukumu hiyohiyo ilimzuia Rais kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote.)

Ndiyo maana, katika kila mjadala wa kurekebisha Katiba, mimi huomba sentensi moja tu iongezwe kwenye Kifungu cha 166: kwamba Rais asipowateua waliopendekezwa ndani ya siku 14, watachukuliwa kuwa wameteuliwa siku ya 14 inapoisha, na Jaji Mkuu atawaapisha. Maneno hayo hayahitaji hata kutungwa upya, kwa sababu mfano wake umo tayari katika Kifungu cha 115.